Umeitwa Kozi ya Afya? Hivi Ndivyo Anatomia ya Mwaka wa Kwanza Huangusha Wasee, na Venye Wewe Utapita

Kama KUCCPS imekutupa kwa udaktari, unesi, famasia, fiziotherapia, udaktari wa mifugo ama ile kozi ya sayansi za tiba yenye hata mathe wako hawezi kuitaja vizuri kwa chama, jua kuna somo moja linakungoja mlangoni kama makanga mwenye ana change yako na hataki kurudisha. Linaitwa anatomia.

Kwanza wacha ujue nani anakuandikia. Mimi niliifeli. Nilihitaji 50, nikapata 34. Nikarudi sapu, nikapata 43. Nikaambiwa nirudie mwaka, na doh ya kurudia mwaka haikuwepo, so nikatoka campo nikaanza kuandika hizi story zenye unasoma hapa. Sitaki huruma. Naileta tu juu nilikuwa nasoma masaa sita kwa siku. Sikuwa mlevi, sikuwa nahepa lecture. Nilikuwa nasoma sana, na nilikuwa nasoma vibaya. Beshte yangu wa meza moja alikuwa anasoma nusu ya masaa yangu, na wikendi alikuwa anasaidia kwa bucha ya anko yake pale Kiamaiko. Yeye alipita. Nilikuwa namwonea huruma ati hana time ya kusoma. Imenichukua miaka kushika rada kwamba ile bucha ndio ilikuwa inamsomesha.

Hii si biolojia ya Form Four

Biolojia ya high school ilikuuliza ueleze. Eleza jinsi moyo unavyosukuma damu. Taja kazi tatu za ini. Unaandika, unachora mshale, unapewa alama.

Anatomia inauliza swali lingine: kitu kiko wapi? Mbele yake kuna nini, nyuma yake kuna nini, damu inakileta mshipa gani, neva gani inakiamuru, na mtu akidungwa kisu hapo ni nini kitaacha kufanya kazi? Ni tofauti ya kusoma kuhusu Nairobi na kuendesha mathree Nairobi. Msee anaweza kuwa na historia yote ya hii jiji kwa kichwa, umshukishe Muthurwa jioni na apotee kabisa.

Na jiji lenyewe ni kubwa. Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto akizaliwa anakuwa na kama 270 hivi, juu mingi bado haijaungana. Hiyo ndio sehemu rahisi. Kila mfupa una vilima, mashimo na mifereji, na kila kona imepewa jina kwa sababu kuna msuli umeshikilia hapo ama neva inapita. Ongeza misuli zaidi ya 600, mishipa, neva, viungo vya ndani. Halafu kama kozi yako inachanganya binadamu na mamalia wengine, jua kuna ng'ombe, mbuzi, mbwa na farasi wanakungoja pia.

Kosa langu lilikuwa kuchukua hiyo yote kama orodha. Nilipaka kitabu ile rangi ya njano hadi kurasa zikawaka kama koti ya trafiki usiku. Nikirudia kusoma nilikuwa naona kila kitu nakijua. Kitabu kikifungwa, kichwa nacho kinafungwa.

Majina yanaongea, wewe ndio husikii

Ile kitu ya kwanza inatisha ni majina. Ni Kilatini na Kigiriki, na yanakaa kama mtu ameanguka kwa kibodi. Lakini wazee wenye waliyapeana hawakuwa na ubunifu hata kidogo. Wakiona mfupa unafanana na mashua, wanauita mashua. Chukua kifundo cha mkono wako, pale unafungia saa. Kuna mifupa 8 midogo hapo. Scaphoideum ni mashua. Lunatum ni mwezi. Triquetrum ina kona tatu. Pisiforme inakaa minji, na unaweza kuigusa sahii: bonyeza kiganja upande wa kidole kidogo, pale mkono unaanzia, utapata kijiwe. Trapezium na trapezoideum zimetoka kwa neno la meza. Capitatum ina kichwa. Hamatum ina ndoano.

Kuzipanga, toka upande wa kidole gumba mstari wa kwanza, halafu urudi upande wa kidole gumba mstari wa pili, sisi tulikuwa na hii: Sista, Leo Tumepanda Probox, Tumeshuka Tao, Chapaa Hatuna. Herufi za kwanza ndio mifupa yako. Za Kizungu ziko mob kwa intaneti, na nyingi ni chafu, lakini yenye umetunga mwenyewe ndio hukaa.

Majina ya misuli ni poa hata zaidi, juu mengine ni ruti ya matatu. Geuza kichwa pembeni kama umeona mtu unamdai. Ule msuli mrefu umetokeza kwa shingo unaitwa sternocleidomastoideus. Sternum ni mfupa wa katikati ya kifua. Cleido ni mtulinga. Mastoid ni kile kinundu nyuma ya sikio. Jina limekutajia stage zote: ameanzia kifuani na mtulingani, ameshukia nyuma ya sikio. Ama flexor digitorum profundus: mkunjaji, wa vidole, wa ndani kabisa. Na ukiambiwa kuna wa ndani kabisa, si ushajua lazima kuna mwingine wa juu juu? Yuko, anaitwa superficialis. Ushajua misuli miwili kwa bei ya mmoja.

Nilikuwa nakariri hizo kama nambari za simu za watu sijawahi kutana nao. Kamusi ndogo ya vipande kama mia moja vya maneno ingeniokoa. Itengeneze wiki ya kwanza, kabla hujaanza kukimbizwa.

Kushoto kwa nani?

Hii imefelisha watu wengi kuliko neva zote, na ni kitu kidogo. Kwenye anatomia, kushoto ni kushoto kwa mwenye mwili. Yeye akikuangalia, kushoto kwake kuko upande wako wa kulia. Na mwili wote unaelezwa kama mtu amesimama wima, viganja vimeangalia mbele, hata kama amelala kwa meza kifudifudi.

Sasa leta mbuzi. Kwa mtu amesimama, mbele ni upande wa tumbo. Kwa mbuzi, mbele ni kichwa, na tumbo limeangalia chini. Ukitumia neno moja la "mbele" kwa wote wawili utachanganyikiwa na mtihani haitakungoja. Ndio maana wasee wa mifugo wanatumia cranialis, kuelekea kichwa. Caudalis, kuelekea mkia. Dorsalis, upande wa mgongo. Ventralis, upande wa tumbo. Hayo maneno hayajali kama una miguu miwili ama minne. Kama kozi yako ina binadamu na wanyama pamoja, anza nayo hayo, mengine utayaongeza juu.

Kitabu cha bure umekivaa

Weka mkono wako wa kushoto juu ya meza, kiganja juu. Shika sehemu ya ndani ya mkono chini tu ya kiwiko, na mkono ule mwingine. Sasa cheza vidole kama unaandika meseji. Umesikia venye kunasonga hapo? Vidole vyako havina misuli ya kuvikunja ndani yake. Injini iko juu karibu na kiwiko, na zenye zinafika kwa vidole ni kano tu, kama waya ya klachi ya nduthi: unavuta huku, kitu kinasonga kule. Ndio maana mtu akikatwa na glasi kwa kifundo cha mkono, vidole vinaweza kukataa kukunjika na hata havijaguswa.

Bado uko hapo? Gusanisha kidole gumba na kidole kidogo, halafu kunja kifundo kidogo. Kwa watu wengi kano moja inatokeza katikati kama kamba. Ni ya palmaris longus. Kama kwako haijatokeza, usishtuke, kuna watu hawana kabisa na wanaishi tu fiti. Mtu anaweza kuwa nayo mkono mmoja akose mwingine. Hii ni somo kubwa lenye vitabu husema kwa sentensi moja: mchoro wa kitabu ni mtu wa wastani, na huyo mtu hayuko. Kwa meza ya maabara utapata mshipa umepita njia ingine na utadhani wewe ndio mjinga.

Moja ingine. Umewahi gonga kiwiko kwa mlango ukasikia stima hadi kidole kidogo? Hapo umegonga neva, inaitwa ulnaris, inapita nyuma ya kinundu cha ndani cha kiwiko bila ulinzi wowote. Fuatilia ile stima ilipoishia: kidole kidogo na nusu ya kile kinafuata. Hiyo ndio mitaa yake. Umesoma neva nzima na maumivu ya sekunde kumi.

Sasa twende bucha

Beshte yangu alikuwa na kitu moja sikuwa nayo. Alikuwa anajua vitu vinashikana aje, juu alikuwa amevikata.

Angalia mzee wa bucha akitoa mkono wa mbuzi, ule wa mbele. Anapitisha kisu kati ya bega na mbavu na mkono wote unatoka, fupa la bega na kila kitu, bila kupita jointi yoyote. Halafu muangalie akitoa mguu wa nyuma. Hapo lazima atafute jointi ya nyonga, achokore, azungushe. Kwa nini? Mbuzi hana mtulinga. Mkono wake wa mbele umening'inizwa kwa misuli tu, na kifua kimebebwa kati ya mikono miwili kama mtoto kwa leso. Mnyama wa kukimbia na kuruka mawe anataka hiyo, inameza mshtuko akitua. Wewe una mtulinga unaoshika bega lako mbali na kifua, ndio uweze kurusha mkono pande zote, ushike chuma ya mathree juu ya kichwa chako. Bei yake ni kwamba ukianguka na nduthi ukajishika na mkono, nguvu inapanda hadi kwa mtulinga, na mtulinga ni kati ya mifupa inayovunjika sana. Swali la mtihani la alama kumi, na jibu liko kwa ndoano ya bucha.

Angalia mguu wa mbele tena. Ile unaita goti la mbuzi si goti. Ni kifundo cha mkono, ile mifupa midogo yetu ya Sista Leo Tumepanda, ingawa yeye mingine yake imeungana. Chini yake kuna mfupa mmoja mrefu, ambao ni mifupa miwili ya kiganja imeungana, ya kidole cha tatu na cha nne. Kwato ni kucha. Mbuzi anatembea na ncha za vidole viwili kila mguu, kama dem amevaa heels za inchi kumi maisha yake yote. Farasi ameenda mbali zaidi, amebaki na kidole kimoja tu, cha tatu. Na ile kona ya mguu wa nyuma yenye inaonekana kama goti limekunjwa upande usiofaa? Hiyo ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo.

Ukiona hivyo mara moja, hutahitaji kusoma wanyama watano. Ni ramani moja imevutwa huku, ikafinywa kule. Twiga ana shingo refu kukushinda mara kadhaa lakini idadi ya mifupa ya shingo ni ile ile yako, 7. Karibu mamalia wote wana 7. Wachache wamekataa, kama manatii na mnyama anaitwa slothi wa Amerika. Ukiwa na doh ya kuchezea, ingia jumba la makumbusho la Nairobi ukaangalie mifupa ya Ahmed, ule ndovu wa Marsabit aliyelindwa na amri ya Mzee Kenyatta hadi akafa 1974. Ndovu anakaa kama amekanyaga chini na wayo mzima, lakini mifupa yake imesimama karibu kwa vidole, na nyuma kuna mto wa mafuta umebeba uzito. Ni heels pia, ni vile tu zimefichwa.

Halafu nunua moyo wa mbuzi ama wa nguruwe ambao haujapasuliwa. Kwa bucha iliyopimwa tafadhali, na uoshe mikono. Pasua pande mbili na uminye kuta na vidole. Upande wa kushoto ni mnene mara kadhaa, juu unasukuma damu mwili mzima, wa kulia unasukuma mapafuni tu hapo karibu. Utaona vali, na zile nyuzi nyeupe zimezishika kama kamba za parachuti. Niliwahi kuchora hizo nyuzi mara ishirini na sikujua zina nguvu aje hadi nilipovuta moja na ikakataa kukatika. Saa hiyo nilikuwa nishatoka campo.

Lakini usimwamini mbuzi sana

Kuna msee anaitwa Galen, daktari wa enzi za Roma, karne ya pili. Sheria na mila za wakati huo hazikumruhusu kupasua maiti za watu, so alipasua nyani, nguruwe, ng'ombe. Alikuwa mkali. Ni yeye alikata neva za koo la nguruwe mbele ya watu, nguruwe aliyekuwa anapiga nduru akanyamaza, na hivyo akaonyesha sauti inaamrishwa na neva. Lakini pia alichukua vitu vya wanyama akavipachika kwa binadamu. Kwa mfano chini ya ubongo wa mbuzi, kondoo na ng'ombe kuna wavu wa mishipa midogo ya damu, rete mirabile, wavu wa ajabu. Galen akasema na sisi tunao. Watu wakarudia hiyo kwa zaidi ya miaka 1,000.

Hadi kijana mmoja, Andreas Vesalius, akiwa anafunza Padua huko Italia, akaanza kupasua maiti mwenyewe badala ya kusoma Galen kwa sauti. Wavu hakuupata. Taya ya chini ambayo Galen alisema ni mifupa miwili, yeye akaona ni mmoja. Kitabu chake kikatoka 1543, akiwa na miaka 28. Rika yako kidogo tu juu.

So ukirudi bucha, jua penye mbuzi anakudanganya. Tumbo lake lina vyumba vinne, ndio maana kwa matumbo unapata ile inakaa taulo, ile inakaa sega la nyuki na ile yenye kurasa kama kitabu. Wewe una chumba kimoja. Koo lake la hewa linatoa tawi la ziada kwenda pafu la kulia kabla halijagawanyika mara mbili, wewe huna. Ng'ombe ana mfupa mdogo ndani ya moyo. Wewe ukiwa nao ni shida. Figo ya ng'ombe imegawanyika vipande vipande kama rundo la zabibu, yako ni laini kama haragwe, ingawa ulipokuwa tumboni mwa mathe yako pia ilikuwa na vipande. Walimu wa kozi ya mchanganyiko wanapenda kuuliza hapo. Wanajua wasee husoma mmoja na kubahatisha mwingine.

Ile neva yenye ingenipitisha

Kila mtu ana swali lenye lilimmaliza. Langu lilikuwa neva ya koo inayorudi, laryngeus recurrens. Nilijua jina. Sikujua kwa nini ya kushoto inatoka shingoni, inashuka hadi kifuani, inapita chini ya mshipa mkubwa wa aorta, halafu inapanda tena shingoni kufika kwa kisanduku cha sauti. Ilikuwa upuzi. Nikaikariri kama upuzi, na upuzi haukai kichwani.

Sababu ni hii. Ukiwa kijusi cha wiki chache, moyo wako uko juu kabisa, karibu na shingo. Neva inapita chini ya mshipa na inafika penye inaenda, njia fupi, hakuna shida. Halafu shingo inarefuka na moyo unashuka kifuani, na neva imenaswa chini ya mshipa kama waya ya chaja chini ya kochi likisukumwa. Inavutwa tu. Kwa samaki njia bado ni fupi. Kwa twiga, hiyo neva inasafiri mita kadhaa kwenda chini na kurudi juu, na ilikuwa inataka kufika sentimita chache tu. Kulia inazunguka mshipa mwingine wa juu zaidi, so ile ya kushoto ndio ndefu.

Ndio maana mtu sauti ikikwama kwa wiki nyingi bila homa, daktari anaweza kuagiza picha ya kifua. Uvimbe kwa pafu la kushoto unaweza kufinya neva ya sauti. Ukijua hiyo story, hiyo neva huwezi isahau hata ukilewa.

Siku ya maabara

Nairobi, watu wengi wanajua Chiromo kwa sababu ya mochari. Lakini hapo Chiromo ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi kinafunzia anatomia ya binadamu na pia ya mifugo, kampasi moja. Shule ya udaktari ilianza 1967, na mmoja wa walimu waliojenga idara ya anatomia, Profesa Joseph Mungai, alikuja kuwa makamu wa chansela wa chuo kizima. Vyuo vingine vingi vina maabara zao sasa.

Ya kwetu sitaitaja. Harufu ya fomalini inakupiga mlangoni, macho yanatoa machozi, na baada ya saa moja kitu ya ajabu: unasikia njaa. Wanafunzi wengi watakuambia hivyo na wote huona aibu. Vaa glavu, fungua madirisha, fomalini si manukato, ukiivuta miaka mingi ni hatari. Usivae nguo yenye unapenda.

Lakini chenye kilinishika si harufu. Ni kucha. Mzee wetu wa meza ya tatu alikuwa na kucha zimekatwa vizuri. Mtu alizikata, ama alijikatia mwenyewe, wiki yake ya mwisho. Hapa kwetu wachache sana ndio hutoa miili yao kwa hiari kwa ajili ya masomo. Wengi wa hao unawakuta ni watu ambao hakuna aliyekuja kuwachukua mochari, na sheria inaruhusu wapelekwe shule. Yaani mtu hakupata hata mazishi, na amekupa mkono wake uujue. Kwetu kulikuwa na komredi aliyepiga selfi hapo. Alifukuzwa maabara na sikumwonea huruma. Usipige picha, usitunge jina la kuchekesha. Ukitaka kulia toka nje ulie, hakuna mtu atakucheka. Wengine hulia wiki ya tano, si siku ya kwanza.

Na ukishazoea, tumia mikono. Kwetu watu wanane walizunguka meza, wawili wakikata, sita tukiangalia simu. Mimi nilikuwa kwa wale sita. Beshte yangu alikuwa ameshika kisu tangu akiwa darasa la sita, unadhani nani alikuwa anakata?

Mtihani wa kengele

Hapa ndio vitu kwa ground ni different. Mtihani wa maabara si wa kuandika insha. Ni vituo vimepangwa, kila kimoja kina kitu kimefungwa uzi ama kimedungwa pini. Una kama dakika moja. Taja. Neva gani inakiamuru. Kengele inalia, songa. Huwezi kurudi nyuma. Umekwama kituo cha nne? Cha tano kimeanza tayari.

Kusoma tena na tena hakukuandai kwa hiyo. Mwaka wa 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu wakisome. Wengine wakarudia kukisoma. Wengine wakafunga, wakaandika chenye wanakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, wale waliojitesa kukumbuka ndio walikuwa mbele, na kwa umbali. Ile raha ya kurudia kusoma ndio ilinidanganya. Nilikuwa mkali kwa dakika tano.

So funga kitabu, chukua karatasi tupu. Funika majina ya mchoro uyajaze. Mwambie rumeti akuguse popote mkononi na utaje ni nini kiko chini ya hapo. Na chora plexus brachialis, ile junction ya neva za mkono hapa chini ya shingo. Usiogope, ni kama ramani ya mathree: mizizi 5 inatoka kwa uti wa mgongo, inaungana kuwa mashina 3, kila shina linagawanyika mara mbili zikawa 6, zinaungana tena kuwa kamba 3, halafu zinatoka neva 5 kubwa kwenda mkononi. Tano, tatu, sita, tatu, tano. Mara ya kwanza utaichora na itakaa kama waya za stima za mtaani. Ichore tena kesho bila kuangalia.

Kazini yangu ameripoti chuo mwaka huu, kozi ya afya, na anakaa kwangu kwa keja juu hosteli zimejaa. Jana stima ilipotea. Nikamwambia achore plexus na mwanga wa simu, nyuma ya karatasi ya kuitisha chips. Ya kwanza alisahau migawanyiko yote. Ya pili neva ya ulnaris ilitokea kamba ya nyuma, na haitokei huko. Ya tatu akakasirika akaniuliza mimi mwenye nilifeli nitajuaje. Nikachukua kalamu nikachora yote bila kuangalia popote, kisha nikampa karatasi safi. Stima ikarudi akiwa kwa kamba ya tatu.